Unahamia Dar es Salaam? Maswali ya foleni kabla hujamlipa mwenye nyumba

Kila mwaka wadogo zangu, marafiki wa wadogo zangu na watu ambao sijawahi kuwaona hunipigia simu na maneno yaleyale: "Kaka, nimepata kazi Dar, nitafute chumba wapi?" Nimechoka kujibu mmojammoja. Haya ndiyo wanayouliza, na hivi ndivyo ninavyowajibu.

Kazi yangu iko Posta. Nitafute chumba umbali gani kutoka mjini?

Usiulize umbali, uliza saa. Dar kilomita hazisemi kitu. Mtu wa Kigamboni akisimama ufukweni anayaona maghorofa ya Posta ng'ambo ya maji, karibu kama vile anaweza kuyagusa, lakini siku pantoni (kivuko) moja iko matengenezo mwenzake wa Kimara huketi ofisini kabla yake.

Ushike mji huu hivi. Barabara kubwa za kuingilia ni nne, zimekaa kama vidole vinavyokutana kiganjani, na kiganja ni Posta na Kariakoo. Ya Bagamoyo inatoka kaskazini: Bunju, Tegeta, Mbezi Beach, Mwenge, Morocco. Ya Morogoro inatoka Kibaha, inapita Kibamba, Mbezi Luis, Kimara, Ubungo, Magomeni. Ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, inatoka Gongo la Mboto, Ukonga, uwanja wa ndege na Tazara. Ya Kilwa inatoka Kongowe, Mbagala na Mtoni. Kisha kuna kamba inayozifunga hizo nne kwa kukatiza katikati: Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, halafu Mandela kutoka Ubungo kupita Tabata na Buguruni hadi bandarini.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Sehemu kubwa ya hao asubuhi wanataka kiganja, na jioni wanataka ncha za vidole. Ukiisha kulielewa hilo, nusu ya maswali yako umeshajijibu.

Foleni yenyewe inakaba wapi?

Ubungo. Tazara. Buguruni. Mwenge hadi Morocco na daraja la Salenda. Jangwani wakati wa mvua. Mtoni na njia yote ya kuingia mjini ukitokea Mbagala. Ongeza Mandela nzima, kwa sababu malori ya bandari hayana asubuhi wala jioni, yapo tu.

Utaambiwa mambo yamebadilika, na ni kweli kiasi. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018. Ubungo ina barabara za ngazi tatu, Kijazi, tangu 2021. Daraja la Tanzanite lilifunguliwa 2022, likampunguzia Salenda mzigo kwa wanaotoka Masaki na Oysterbay. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara imepanuliwa ikawa njia nane. Aliyekaa Ubungo miaka ya 2010 akiwa amenasa dakika arobaini na tano kwenye mataa anajua tulikotoka. Ila mimi naona kila daraja limeisogeza foleni mbele hatua moja. Unateleza juu ya Ubungo kama mfalme, halafu unakutana nayo Shekilango.

Kanuni yangu ni moja: hesabu vizingiti vilivyopo kati ya kitanda chako na kiti chako cha kazini. Kizingiti kimoja, unaishi. Viwili, unavumilia. Vitatu, baada ya mwezi utaanza kuwa mkali kwa watu ambao hawajakukosea.

Dalali ameniambia kutoka nyumba hiyo hadi Posta ni dakika arobaini. Nimwamini?

Mimi nilimwamini.

Nilitoka Songea na begi moja, nikapelekwa Chanika kuona chumba Jumapili, saa nne asubuhi. Barabara nyeupe. Daladala ilikuwa na watu saba, konda amekaa kwenye siti kama abiria. Chumba kizuri, self (choo ndani), maji yapo, mwenye nyumba mama mpole aliyenikaribisha chai. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikampa dalali mwezi wake mmoja, tukapeana mikono.

Jumatatu nilifika kituoni saa kumi na mbili kasoro nikidhani nimewahi. Kituo kilikuwa kimejaa kama gulio. Gari la kwanza halikusimama. La pili lilisimama, wakaingia waliokuwa wakikimbia nalo tangu halijasimama. La tatu nikaning'inia mlangoni, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika bahasha yenye vyeti vyangu. Gongo la Mboto tukashuka kuunganisha, vita vikaanza upya. Nilifika ofisini saa tatu na dakika ishirini, kiatu kimoja kimekanyagwa hadi kimebadilika rangi, na bosi ambaye ndiyo kwanza ananiona aliangalia saa yake kabla hajaniangalia usoni.

Dalali hakudanganya. Jumapili ile ilikuwa karibu na alichosema. Kwa hiyo ukitajiwa dakika, uliza: za siku gani, saa ngapi, na kwa usafiri gani? Dalali wengi wana pikipiki. Dakika arobaini zake ni za pikipiki.

Sasa nitapimaje mwenyewe?

Lala huko usiku mmoja. Kama huna ndugu eneo hilo, tafuta gesti ya bei ndogo Jumapili jioni, na Jumatatu alfajiri uamke ukafanye safari yote kama mfanyakazi. Gesti ya usiku mmoja ni hela ndogo kuliko kodi ya miezi sita ya majuto.

Na ukipima, anza mlangoni, usianzie kituoni. Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Goba, Madale, Kinyerezi, Kifuru na Chamazi zina mitaa ambayo kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni bajaji au bodaboda, na mvua ikinyesha ni kutembea na viatu mkononi. Andika kila kipande: dakika za kufika lami, dakika za kusubiri gari, dakika za ndani ya gari, dakika za kuunganisha, dakika za kutembea hadi ofisini. Utashangaa kipande cha kusubiri kilivyo kirefu.

Ramani ya simu inasaidia. Weka saa ya kuondoka kuwa Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uangalie makadirio. Lakini ramani inakuhesabia kama una gari lako. Haijui kwamba daladala itakaa kituoni dakika kumi ikisubiri ijae, haijui kwamba konda ataamua kukatisha ruti akushushe Buguruni, na haijui kuhusu trafiki aliyefunga upande wenu ili msafara wa kiongozi upite.

Halafu rudi jioni. Asubuhi watu wanatoka kwa mafungu. Wengine saa kumi na moja alfajiri, wengine saa moja. Jioni wote wanatoka pamoja. Kwa ruti nyingi, kurudi ni kugumu kuliko kwenda, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi ina mambo yake.

Mbali kodi ni nafuu. Si bora niokoe hela, uchovu nitauzoea?

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano, weka zako.

Tuseme chumba cha mbali ni 80,000 kwa mwezi, na cha Tabata kinachofanana nacho ni 150,000. Tofauti ni 70,000, inavutia. Kule mbali kila safari unapanda bajaji 500 hadi lami, daladala 1,000, kisha ya kuunganisha 600. Hiyo ni 2,100 kwenda na 2,100 kurudi, jumla 4,200 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni 100,800. Tabata unapanda gari moja la 700, kwenda na kurudi 1,400, kwa mwezi 33,600. Tofauti ya nauli ni 67,200.

Kwa hiyo ile 70,000 uliyodhani umeokoa imebaki 2,800.

Bado saa. Kule mbali saa mbili na nusu kila upande, Tabata saa moja. Unapoteza saa tatu zaidi kila siku, saa 72 kwa mwezi. Ni siku tatu kamili, usiku na mchana, umekaa au umesimama ndani ya gari, kwa ajili ya shilingi 2,800. Na sijaweka chakula unachokula njiani kwa sababu hukuwahi kupika, wala siku unazochelewa ukakodi bodaboda kwa hasira.

Hesabu hii inageuka kama una familia na unahitaji vyumba vitatu na uwanja. Hapo tofauti ya kodi inakuwa laki kadhaa, na nauli haiwezi kuifidia. Watu wanaojenga Bunju, Kibamba na Chanika si wajinga. Kiwanja kimewapeleka huko. Lakini wewe mwenye begi moja na godoro la futi nne unafuata nini kule?

Hela yangu ndogo. Kuna sehemu za karibu ninazoweza kumudu?

Zipo, na wengi wanazikataa kwa majina. Mwananyamala, Magomeni, Manzese, Tandale, Buguruni, Ilala, Kigogo. Uswahilini. Vyumba vya nyumba ya wapangaji wengi, choo cha pamoja, redio ya jirani ni ya kwako pia, na Jumamosi kuna shughuli ya mtu mpaka usiku wa manane. Lakini chapati ziko mlangoni, gari liko dakika tano, na ukitokea Magomeni unaweza hata kuamua kutembea hadi Kariakoo siku mambo yakiharibika.

Mimi nilihamia Mwananyamala nilipotoka Chanika. Rafiki zangu waliniuliza kama nimepunguzwa mshahara.

Angalia tu mambo mawili: maji ya mvua yanapita wapi, na usiku mtaa una taa kiasi gani kutoka kituoni. Mabondeni usikubali hata kama kodi ni sadaka.

Nikikaa kando ya njia ya mwendokasi si nimemaliza?

Umeanza vizuri, hujamaliza. Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia yake, ulianza Mei 2016 kwenye barabara ya Morogoro, Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani. Ukiwa ndani ya basi na basi likiwa kwenye njia yake, foleni unaiangalia dirishani kama sinema. Hakuna kitu kinachoikaribia kwa kasi hapa mjini.

Tatizo ni kulipata basi. Uhaba wa mabasi na msongamano vituoni ni kilio cha miaka, na njia hiyo ilipoanza, daladala ziliondolewa kwenye barabara hiyo kwenda Posta na Kariakoo, kwa hiyo mabasi yakiwa machache mbadala wake ni mdogo. Nenda kituo cha Kimara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usipande, simama tu pembeni uhesabu: mabasi mangapi yamekuja kwa nusu saa, na watu wangapi wamebaki kila basi lilipoondoka. Kisha shuka hadi Shekilango au Manzese uone kama basi linalofika pale lina nafasi ya hata mguu. Ukikaa kituo cha mwanzo unapanga foleni ya kusubiri lakini unaweza kupata siti. Ukikaa katikati uko karibu na mjini, lakini mabasi yanakupita yamejaa. Chagua adhabu yako.

Njia ya Mbagala, na zile za Gongo la Mboto na Tegeta, zimejengwa au zimekuwa zikijengwa kwa awamu. Ushauri wangu: usilipe kodi ya leo kwa usafiri wa kesho. Wakati wa ujenzi barabara hubanwa, vumbi huwa lako, na mwenye nyumba ameshapandisha kodi akisema "hapa mwendokasi unakuja."

Kigamboni je? Naona nyumba nzuri na upepo wa bahari.

Kigamboni ni nzuri, na ni kisiwa kwa tabia hata kama si kisiwa kwa ramani. Milango ya karibu kwenda mjini ni miwili. Wa kwanza ni pantoni, kutoka Kigamboni hadi Magogoni. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kinachokula muda ni kusubiri, geti likifunguliwa ni mwendo wa umati, na ukishuka upande wa mjini kituo cha mwendokasi cha Kivukoni kiko palepale. Mlango wa pili ni daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, linalokutoa Kurasini. Magari yanalipa tozo pale. Waenda kwa miguu hawalipi.

Kwa mtu wa Posta au Kivukoni anayekaa jirani na Ferry, ni chaguo la heshima. Kwa mtu wa bandarini, Kurasini au Chang'ombe anayetumia daraja, vilevile. Kwa mtu anayefanya kazi Mikocheni au Mlimani, sielewi anakwenda kutafuta nini, labda amepewa nyumba ya urithi. Na uangalie unakaa Kigamboni ipi: Kibada na Mji Mwema si Ferry, kuna daladala au bajaji kabla hujaliona hilo pantoni.

Mvua inabadilisha nini?

Kila kitu. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na katika miezi hiyo safari yako ni ruti nyingine kabisa.

Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Siku hiyo watu wote wa Magomeni, Ubungo, Kimara na Mbezi wanamiminwa kwenye Kawawa na Salenda, juu ya watu wa Bagamoyo ambao nao wana yao. Nimewahi kukaa ndani ya gari kutoka Magomeni hadi Faya kwa saa mbili kabla ya dereva kuzima injini na kusema, "Jamani, mwenye miguu ashuke." Tulishuka. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kijana mmoja alikuwa ameshaanza kuwabeba watu mgongoni kwa hela.

Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta nyumba Aprili. Ukiipenda Aprili, utaipenda mwaka mzima.

Nina gari. Hayo ya daladala si yanawahusu wengine?

Gari linakupa kiti, kiyoyozi na redio. Haliiondoi foleni, linakufanya uwe sehemu yake. Mafuta yanaungua umesimama, na mjini kati bado utatafuta pa kuegesha na kulipia. Nawafahamu watu wa Tegeta na Mbezi Beach wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, wanafika Posta kabla jua halijachomoza, wanashusha kiti cha gari na kulala hadi saa moja na nusu. Shati limening'inizwa nyuma kwenye hanga. Wamelipa kodi ya nyumba ya vyumba vinne ili walale kwenye Toyota.

Faida kubwa ya gari ni barabara za pembeni. Goba siku hizi ina lami ya kutokea Mbezi Luis, ya Tangi Bovu na ya Makongo hadi chuo kikuu, kwa hiyo mtu wa Goba ana milango mitatu ya kuchagua asubuhi. Ukiwa na gari, tafuta mtaa wenye milango zaidi ya mmoja. Mtaa wenye mlango mmoja, siku lori likianguka mlangoni, nyote mnabaki ndani.

Si nipande tu bodaboda kila siku?

Kwa dharura, ndiyo, na kofia ngumu kichwani. Kwa kila siku, wodi za MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, zinaweza kukueleza vizuri kuliko mimi.

Nina watoto wa shule. Nianze na kazi yangu au na shule yao?

Anza na shule. Mtu mzima anaweza kusimama saa moja akilala kwa macho wazi, tumezoea. Mtoto wa miaka sita hawezi. Pita Kinyerezi au Mbezi saa kumi na moja alfajiri utaona mabasi ya njano yameshaanza kuzunguka, giza bado, mtoto amevaa tai na sweta, shavu limebandikwa kwenye kioo, chapati ya robo mkononi. Huyo atachukuliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, kwa sababu nyumba yao iko mwisho wa mzunguko.

Ukimwandikisha shule inayotumia basi, muulize dereva, usimuulize mwalimu: "Mtaa wetu ni wa ngapi kuchukuliwa?" Dereva atakwambia ukweli.

Shule ya kutembea kwa miguu, hata kama haina jina kubwa, kwangu inashinda. Hili wengi hatukubaliani, hasa mke wangu.

Mke wangu kazi yake iko Tegeta, mimi niko uwanja wa ndege. Tukae wapi?

Ile kamba niliyoitaja mwanzo, Sam Nujoma na Mandela, ndiyo yenu. Sinza, Ubungo, au Makongo kwa upande wake. Tabata kwa upande wako. Mkikaa Sinza, yeye asubuhi anapanda Bagamoyo kuelekea nje wakati umati unaingia ndani, anakwenda kinyume na foleni, raha tupu. Wewe utapambana na Mandela na malori yake hadi Buguruni au Tazara. Mkikaa Tabata mambo yanageuka. Angalieni nani anarudi usiku zaidi, na nani ana bosi mkali.

Hili la kwenda kinyume na foleni linawahusu hata wasio na wenza. Ukipata kazi viwanda vya Mbezi, Wazo au Bunju, usikimbilie kuhamia jirani na kiwanda. Kaa Mwenge au Kijitonyama, asubuhi utasafiri kwenye upande mtupu wa barabara ukiwatazama wenzako waliosimama.

Bado sijui kazi yangu itakuwa wapi hasa. Nifanyeje?

Panga kwenye njia panda, na ulipe miezi mitatu kama mwenye nyumba atakubali. Ubungo, Mwenge, Buguruni, na maeneo yanayozunguka stendi za Makumbusho na Simu 2000 yana magari ya karibu kila upande. Kelele zipo. Lakini kazi ikihama kutoka Posta kwenda Mbagala, wewe unabadilisha gari tu, huhami nyumba.

Nimesikia watu wanasema "nageuza nalo". Ndiyo nini?

Ni elimu ya jioni. Unasimama Mnazi Mmoja, unataka kwenda Mbagala. Magari yanayotoka Posta yanakupita yamejaa. Unafanya nini? Unavuka barabara, unapanda daladala inayoingia Posta ikiwa inashusha watu, unakaa siti ya dirishani, unafika nayo mwisho wa ruti, na wengine wanapogombania mlango wewe umeshakaa. Umegeuza nalo. Unalipa nauli mara mbili, ndiyo, na konda atakudai zote bila haya, lakini saa mbili za kukaa si sawa na saa mbili za kunusa kwapa la mtu.

Ukiona eneo unalotaka kuhamia watu wote wanageuza kila jioni, weka nauli hiyo ya pili kwenye hesabu yako. Mbagala hasa. Huko zamani vijana walikuwa wanaingilia dirishani, begi kwanza, kichwa baadaye.

Nimechelewa kusoma. Nimeshalipa miezi sita mbali na nimejuta.

Pole. Kwanza badilisha saa, kabla ya kubadilisha nyumba. Ukiwahi nusu saa kabla ya wenzako unaweza kuokoa saa nzima. Alfajiri saa kumi na moja na robo na saa kumi na mbili ni miji miwili tofauti. Ongea ofisini kama unaweza kuingia mapema na kutoka mapema. Wakubwa wengine hukubali wakiona unawahi kufungua mlango. Jioni, kama huwezi kuwahi, chelewa makusudi: kaa, fanya mazoezi, soma, uondoke saa mbili usiku barabara ikiwa imepumua. Kama uko upande wa Pugu, ulizia treni ya wafanyakazi ya asubuhi na jioni. Tangu treni ya Mwakyembe, iliyoitwa kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza 2012, kuna watu wa reli ambao hawataki kusikia habari za daladala.

Pili, mwambie mwenye nyumba mapema, tena kwa adabu. Hela hatakurudishia, nakwambia kabisa, lakini wengi hukubali ukimletea mpangaji mwingine wa kumalizia miezi yako. Mimi yule mama wa Chanika alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akaniuliza: "Sasa mwanangu, huyo utakayemleta, atakuja kuiona nyumba siku gani?"

Nikamjibu Jumatatu asubuhi. Alikuja kijana fundi umeme ambaye kazi zake zote zilikuwa Chanika na Msongola. Alichukua chumba palepale, na bado yupo.